Taa Isiyopoa

Taa ile haikupoa.

Jamaldin alikuwa amezima stima kabla ya adhana ya adhuhuri, akaenda kusali, akarudi, akala muhogo wa nazi uliolala, na alipokigusa kile kichupa cha gilasi ili akichomoe, kilikuwa bado na joto la kikombe cha chai iliyomiminwa punde. Akakipuliza. Akangoja. Mwisho akajiambia kuwa ni joto la Mombasa tu, maana mwezi ule hata maji ya mtungi yalikuwa moto. Fundi mzima, na akajidanganya hivyo.

Na fundi alikuwa kweli. Miaka ile baada ya vita vikuu, ukiwa na redio iliyopoteza sauti au gramafoni inayokoroma, ulielekezwa Kuze, kwenye nyumba nyembamba ya ghorofa moja, karakana chini na makazi juu. Humo ungemkuta Jamaldin na chuma chake cha kulehemu, na juu ya meza kile kisanduku alichokipenda kuliko roho yake. Alikiunda mwenyewe kwa bati la debe. Sindano ikipita juu ya santuri hutoa sauti ndogo mno. Kisanduku kile kiliipokea, kikaikuza kwa zile taa zake mbili, ambazo mafundi huziita valvu, kisha kikaipeleka kwenye spika ikiwa nene na tamu. Jamaldin hakuchoka kukichokonoa. Leo alibadilisha waya, kesho alichomoa taa hii akatia ile, akakaa akisikiliza huku jicho moja kalifumba. Taa mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikatoa sauti laini, na nyingine ikamkata mtu masikio.

Mkewe, Mwanakuu, alikuwa wa pili baada ya kisanduku hicho, na alilijua hilo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na cheko la karibu, akimsemesha mumewe kutoka jikoni hata kama hajibiwi. Siku moja alipokuwa akipangusa vumbi kwenye meza ya kazi, aligonga taa moja kwa kiwiko. Ikaviringika, ikaanguka, ikapasuka. Ilikuwa ile taa bora kuliko zote, iliyotoka Ulaya, ambayo Jamaldin alikuwa ameitafuta muda mrefu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mwanakuu, talaka yako hiyo," kwa sauti ile ile aliyozoea kumwambia mteja kuwa redio yake haitengenezeki.

Mwanakuu alivaa buibui lake akaenda kwa kaka yake, Kamaludin, mtaa wa Mkanyageni. Sanduku lake la nguo aliliacha juu chumbani. Ilikuwa talaka moja, yenye rejea. Maadamu eda haijaisha, mume angeweza kumrudisha kwa neno. Jamaldin alilijua neno hilo, na kwa siku nyingi lilimkaa kooni, kwa sababu alitaka yeye Mwanakuu ndiye aje aombe radhi kwanza. Huku nyuma nyumba ikamwelemea. Alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala nusu, akamwaga nusu. Hakuna aliyemwita kutoka jikoni. Wateja walikuja asubuhi, wakaacha redio zao, wakaenda zao. Na ikifika adhuhuri, mtaa ukifunga madirisha kuukimbia ukali wa jua, alibaki yeye na mlio wa nzi. Upweke ulimuuma, tena ulimuuma vibaya, lakini alikuwa mtu wa kutafuta dawa ya kila kitu kwenye waya. Akaamua kutafuta taa nyingine.

Aliyemletea ni Katana, kijana wa Kigiriama aliyekuwa akifanya kazi ya kubomoa vyuma vya meli pale Liwatoni. Alikuja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani, akarudi nyuma hatua.

"Fundi, nimeitoa kwenye meli moja ya vita iliyoletwa kuvunjwa," alisema. "Ilikuwa kwenye chumba cha simu ya upepo. Vitu vyote mle vimeliwa na kutu, ila hii."

Jamaldin akaifungua. Taa nzuri, safi, umbo lile lile alilolitaka. "Mbona wasimama mbali?"

"Nimeibeba tangu Liwatoni kwa miguu. Haipoi." Katana alicheka kidogo, cheko lisilofika mbali. "Mwenzangu mmoja asema mzungu wa simu alikutwa amekaa mle chumbani na vile vya kusikilizia viko masikioni, na meli ilishakatika stima zamani. Alikuwa akijibu maneno. Mimi sijui. Kama huitaki niambie, nikaitupe."

"Nani kakwambia siitaki?"

Alipoitia kwenye kisanduku na kuweka santuri ya taarabu, Jamaldin nusura alie. Udi ulisikika kana kwamba mpigaji amekaa kwenye ngazi zake. Alisikia kucha zikigusa nyuzi, alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya beti. Alicheza santuri zake zote, moja baada ya nyingine, na katikati ya moja akakohoa. Kikohozi chake kikatoka kwenye spika, kikichelewa kidogo.

Hilo halikumtisha. Mafundi wote wanajua kuwa ziko taa zenye masikio: ukizigonga kwa penseli zinalia, ukisema karibu nazo zinaidaka sauti. Akaongeza kipande cha bati kuikinga, akakaza tundu lake, akakohoa tena kwa kujaribu. Kikohozi kikarudi vile vile, ila safari hii kilichelewa zaidi.

Siku ya tatu au ya nne, saa ile ya jua la utosi, ambayo wazee wa Mji wa Kale hawapendi mtoto apite penye nyumba tupu, santuri ilikuwa imekwisha na sindano ikizunguka mwishoni, chwaa, chwaa. Jamaldin alikuwa ameinamia waya, chuma cha kulehemu mkononi.

"Hodi."

"Karibu," akajibu, bila hata kuinua kichwa.

"Nishakaribia."

Mwana wa Mombasa hafikirii anapojibu hodi. Amejibu hivyo tangu ajue kusema, na mamake angemfinya sikio asingejibu. Lakini baada ya kujibu, Jamaldin aliinua kichwa, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aliufungua. Nje kulikuwa na paka amelala kivulini na madirisha yaliyofungwa, basi. Nyuma yake, ndani ya nyumba ambamo hamkuwa na mtu, ngazi ya kwanza ikalia, kisha ya pili, polepole, mlio wa mtu mzito anayepanda huku akishika ukuta, na ikaja harufu ya ubani uliomwagiwa maji ukiwa bado unawaka.

Hapo mimi ningekimbia, na wewe ungekimbia. Jamaldin alisimama mlangoni jasho likimtoka, akaliangalia jua la nje, akaiangalia karakana yake, kisha akafunga mlango na kurudi ndani. Tangu Mwanakuu aondoke, hakuna aliyemwambia hodi kwa ajili yake yeye mwenyewe. Wote walikuja kwa ajili ya redio.

"Nani mwenzangu?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

"Mgeni," spika ikasema.

Basi wakazoeana. Mgeni alikuja adhuhuri, santuri ikishakwisha, sindano ikizunguka. Sauti yake haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa sauti ya heshima, ya taratibu. Aliuliza sana na hakujibu chochote. Hakutoa salamu hata mara moja, si salaam alaykum wala sabalkheri, na Jamaldin aliliona hilo, akalipuuza, vile mtu anavyopuuza ila za rafiki wa pekee aliye naye. Alimwekea kiti. Alimmiminia kahawa, na kahawa ile haikupungua, ila ilipoa papo hapo ikawa baridi ya maji ya kisima, huku taa kwenye kisanduku ikizidi moto hata bati likabadilika rangi. Jamaldin alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Cheko hilo alilisikia tena jioni yake, likitoka chini, naye yuko juu anakunja msala.

Alipaswa kuogopa, na aliogopa. Lakini kila alipowaza kuichomoa ile taa, alikumbuka mlio wa nzi.

Siku moja mgeni akauliza, "Mwenye sanduku lile la juu yuko wapi?"

Jamaldin akamsimulia. Hakuwahi kumsimulia mtu, na sasa maneno yalimtoka yote, ile taa iliyopasuka, kile kiburi chake, namna Mwanakuu alivyovaa buibui bila kusema neno, yeye aliyekuwa na maneno mengi kuliko watu wote.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimpa talaka."

"Ulimwambiaje, kwa maneno yako?"

Jamaldin aliinamisha kichwa. "Nilisema, Mwanakuu, talaka yako hiyo."

"Sikusikia vyema. Rudia."

Akarudia. Mgeni akaomba tena, kwa upole, kama fundi anayerekebisha kitufe cha sauti, na Jamaldin akarudia tena, machozi yakimtoka, akidhani anatua mzigo. Spika ikanyamaza. Safari hii maneno yake hayakurudi kutoka kwenye spika hata kidogo, si mara ile wala jioni.

Dada yake mkubwa, Swabaha, alikuja asubuhi ya pili. Alikuwa mjane mnene mwenye pumzi fupi, aliyekuwa akienda na kurudi baina ya Kuze na Mkanyageni kujaribu kuwapatanisha. Alipanda juu, akakaa kwenye mkeka akijipepea.

"Nisikiza, ndugu yangu. Eda yaisha wiki iyayo. Mwanakuu hatakuya kukuomba radhi, na wewe hutakwenda kumwomba, nawajua nyote wawili. Basi nimefanya hila. Ijumaa baada ya alasiri atakuya na Kamaludini kutukua sanduku lake. Sanduku ni kisingizio tu, amenambia kwa kinywa chake. Akisema hodi, wewe mwambie karibu, na useme umemrejea. Neno moya tu, Jamaldini. Neno moya lakushinda?"

Jamaldin alihisi kitu kikifunguka kifuani. "Halinishindi, dada," akasema. "Wallahi halinishindi."

Swabaha akatabasamu, na tabasamu likamkauka usoni. Chini, kwenye karakana, mtu alikuwa amekohoa. Kisha mtu yule akasema, kwa sauti ya Jamaldin isiyokosea hata chembe, "Halinishindi, dada."

Swabaha alimshika ndugu yake mkono, akanong'ona, "Yuko nani huko tini?"

"Hapana mtu."

"Nimesikia wasema tini, nawe u hapa mbele ya mato yangu. Umeingiza nini katika nyumba ya babangu?"

Akamwambia. Aliposikia habari ya ile hodi, Swabaha hakungoja kumaliza kusikia. Alitoka na ushungi wake mkononi, na baada ya alasiri alirudi na Mwalimu Badawi, mwenye chuo cha Kurani pale mtaani, mzee mkavu asiyependa makuu. Mwalimu alisimama kwenye karakana kitambo, akanusa, akatazama kile kiti kilichowekwa mbele ya spika.

"Alikutolea salamu?" akauliza.

"La, Mwalimu."

"Na hukushangaa?"

Jamaldin alikitazama kile kiti.

"Hakuvunja mlango huyu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Alibisha, nawe ukamkaribisha. Mimi nitasoma, lakini kusoma kwangu hakumtoi aliyeitwa na mwenye nyumba. Umtoe wewe. Utamwambia kwa kinywa chako: nilikukaribisha mimi, nakutoa mimi. Kisha umsindikize mpaka nje, usiangalie nyuma. Na akirudi, usimjibu. Mgeni ana hodi tatu; asipojibiwa huenda zake. Hata wao waijua adabu hiyo."

Wakafukiza ubani. Mwalimu akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo bati la kisanduku lilivyoanza kutetema, stima haimo, waya umelala chini umechomolewa, na spika ikatoa kwanza kikohozi cha Jamaldin, kisha cheko lake, kisha sauti za santuri zote alizowahi kucheza mle zikiwa zimeshikana, udi juu ya udi, pumzi juu ya pumzi, na chini yake sauti za watu wasiojulikana wakisema hodi kwa lugha ambazo hazikuwahi kusemwa Kuze, hata Swabaha akajifunika uso kwa ushungi akilia kimyakimya. Jamaldin akaishika ile taa kwa kitambaa, ikamchoma, akaichomoa.

"Nilikukaribisha mimi," akasema, "nakutoa mimi. Toka."

Kukawa kimya. Taa mkononi mwake ikapoa, mara moja, ikawa baridi kama kitu kingine chochote.

Mwalimu akatangulia nje akiendelea kusoma, Swabaha akamfuata. Jamaldin akaja nyuma na ile taa. Pale kizingitini alihisi kitu kikipita ubavuni mwake, upepo mdogo wenye harufu ya ubani uliozimwa, ukienda nje taratibu, kwa unyonge wa mgeni aliyeambiwa aondoke kabla ya kahawa. Na Jamaldin, mtoto wa mamake, aliyesindikiza wageni mlangoni pale tangu utotoni, akasema kwa mazoea na kwa huruma, "Haya, kwaheri. Karibu tena."

Alijiuma ulimi. Mwalimu alikuwa mbele akisoma, hakusikia. Swabaha alikuwa akifuta macho. Angesema pale pale, wangerudi wakaanza upya. Lakini aliona haya, mtu mzima, kukiri upumbavu wa namna ile mbele ya mwalimu wake. Akajiambia kuwa neno la adabu si mwaliko. Wakateremka mpaka baharini, chini ya Ngome ya Yesu, akaitupa ile taa mbali kadiri mkono wake ulivyoweza. Ikadumbukia. Swabaha akamshukuru Mungu kwa sauti.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya, kimya kizuri cha kungoja. Jamaldin alifagia. Alitandika shuka mpya. Kisanduku alikisukuma kwenye kona ya meza, tundu moja tupu, akakifunika kwa kanga kuukuu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na hamu nacho. Alifanya mazoezi ya kusema karibu, akicheka peke yake.

Ijumaa alisali alasiri msikitini, akatoka mbio kwenda kununua asumini, kwa sababu Mwanakuu alipenda kuzifunga nyweleni na yeye hakuwahi kumnunulia. Muuzaji alikuwa mzito wa mikono. Jamaldin alipokunja kona ya Kuze, kikuba cha asumini mkononi, aliwaona wakija: Kamaludin mbele, uso umefunga, na nyuma yake Mwanakuu ndani ya buibui lake, akitembea kwa hatua ndogo za mtu anayejizuia asianguke. Hawakuwa na sanduku.

"Mwanakuu!" akaita. "Nimetelewa kidogo tu. Rudini, karibuni nyumbani."

Mwanakuu alimpita. Buibui lake lilimgusa mkono. Kamaludin akasimama.

"Hujatosheka?" alisema. "Mke amesimama mlangoni pako, asema hodi kwa adabu yake, nawe u huko juu wamjibu vile? Hata usishuke tini ukamtazame uso?"

"Juu? Nimetoka msikitini sasa hivi. Niliwajibu nini?"

"Mlango wa nyuma ni wa kazi gani? Usinifanye mtoto, Jamaldini. Umemwambia talaka yako hiyo. Umesema mara moya, na mara ya pili, na mara ya tatu, na tatu hazina rejea. Nimesikia mimi, kasikia yeye, na mtaa mzima umesikia. Sauti yako si ngeni kwa mtu."

Jamaldin alikimbia nyumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Karakana ilikuwa tupu, kanga imeanguka chini, na kisanduku kimerudi katikati ya meza. Aliweka kidole kwenye tundu tupu, pale taa ilipokuwa. Lilikuwa na joto.

Mwalimu Badawi alikwenda Mkanyageni mara nyingi. Aliwaeleza kuwa mtu hatoi talaka kwa kinywa kisicho chake, na kwamba Jamaldin yuko tayari kula yamini msikitini. Kamaludin alisikiliza kwa heshima. Mwanakuu alijibu kutoka nyuma ya pazia, na jibu lake halikubadilika.

"Mwalimu, sauti ya mume wangu naijua. Nimeisikiza miaka yote ile, yeye hajaisikiza yangu. Ile ilikuwa sauti yake, vile vile alivyosema siku ya kwanza. Siwezi kurudi nikaisikia tena."

Eda ikaisha. Kamaludin alipata kazi Malindi, akahama na watu wake, na Mwanakuu akaenda nao. Swabaha ndiye aliyemletea Jamaldin habari hiyo, akamwomba ahamie kwake. Jamaldin akasema atafikiri. Kile kisanduku alikuwa amekwisha kukivunja kwa nyundo, bati, waya na yote, akakitupa jaani. Spika akaichoma moto. Meza ya kazi ilikuwa tupu. Wateja walianza kwenda kwa fundi mwingine, maana huyu hakutaka tena kugusa kitu chenye sauti. Alibaki na lile sanduku la juu, ambalo hakuna aliyekuja kulichukua.

Magharibi moja alikuwa amekaa mbele ya sanduku hilo, kwenye kiti, na kiti cha pili, kile cha mgeni, kikiwa mbele yake, maana alikipandisha juu badala ya kukitupa. Taa ya chumbani hakuiwasha. Nje watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini, akasikia nyayo zao zikipungua mpaka zikaisha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mwanakuu, na ndani yake ile pumzi ndogo ya mtu aliyetembea kwenye jua kutoka Mkanyageni, na ule wasiwasi, na tumaini lake lote la Ijumaa ile. Ilikuwa hodi aliyoisema mlangoni pale, ambayo Jamaldin hakuisikia. Ndiyo kwanza anaisikia sasa.

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alijua Mwanakuu yuko Malindi. Alijua kuwa mlango umefungwa kwa komeo, na alijua maneno ya Mwalimu.

"Hodi," ikasema tena, karibu zaidi, kwenye ngazi, na harufu ya ubani uliomwagiwa maji ikapanda polepole mpaka ikajaa chumba, ikaingia kwenye shuka mpya ambazo hazikuwahi kulaliwa, ikaingia kwenye nguo zake, naye alikaa akimwomba Mungu ampe nguvu ya kunyamaza mara moja tu zaidi, yeye aliyewahi kunyamaza miaka mizima mwanamke huyu akimsemesha kutoka jikoni.

"Hodi."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Jamaldin alinyamaza. Alinyamaza mpaka akasikia, kule mlangoni mwa chumba, nyayo ndogo zikigeuka, na buibui likiburura sakafuni, na ngazi ya juu kabisa ikilia chini ya mguu wa mtu anayeshuka kwenda zake. Ikalia na ya pili.

"Karibu," akasema. "Karibu, Mwanakuu. Karibu."

Nyayo zikasimama.

"Nishakaribia," sauti ya Mwanakuu ikamjibu, na ilitoka kwenye kiti kilichokuwa mbele yake.